Senti ya chuma ya 1943: ipi umpe anayeanza kukusanya sarafu?

Ukitaka kumvuta mtu kwenye ukusanyaji wa sarafu, senti ya Marekani ya mwaka 1943 ni chambo kizuri. Ina zaidi ya miaka themanini, imezaliwa na vita, inanasa kwenye sumaku, na iliyopita mikononi mwa watu huuzwa chini ya dola moja. Shida ni kwamba jina hilo moja, "senti ya chuma", hubeba vitu vinne tofauti sokoni, na kinachong'aa kuliko vyote ndicho chenye thamani ndogo kuliko vyote kwa mkusanyaji. Anayeanza hununua kwa macho, kwa hiyo ndicho anachokimbilia. Hapa tunaviweka kimoja kando ya kingine, pamoja na sarafu nyingine chache za vita zinazoweza kuchukua nafasi yake, ili unayenunua kwa ajili yako au kwa zawadi ujue unalipia nini.

Bati la paa, mfukoni

Vita vilihitaji shaba kwa maganda ya risasi na nyaya. Sheria ya Desemba 1942 ikaruhusu senti itengenezwe kwa kitu kingine, na mwaka 1943 viwanda vya sarafu vya Philadelphia, Denver na San Francisco vikachapa senti za feleji iliyopakwa zinki. Kwa msomaji wa Kiswahili maelezo hayahitaji kuwa marefu: ni bati. Chuma chembamba katikati, ngozi ya zinki juu na chini, sawa na bati la paa.

Mfano huo wa bati una kazi, usiuache. Bamba lilipakwa zinki kwanza, halafu ndipo vipande vya mviringo vikakatwa. Maana yake uso na mgongo wa sarafu una zinki, lakini ukingo wake, pale kisu cha mashine kilipopita, ni chuma kitupu. Fundi paa anajua bati huanza kushika kutu wapi: pale lilipokatwa na mkasi. Senti hii nayo huoza kuanzia pembeni, na ukingo huohuo ndio utakaokuambia ya asili ni ipi.

Kipenyo ni milimita 19.05, sawa na senti ya shaba. Uzito ni gramu 2.69 kwa zilizochapwa mwanzoni mwa mwaka na 2.75 kwa za baadaye, ilhali ya shaba ni gramu 3.11. Watu waliilalamikia upesi: ilifanana mno na sarafu ya senti 10, mashine za kuuzia bidhaa ziliikataa, na ndani ya miezi ilikuwa imeshapoteza weupe wake. Mwaka 1944 shaba ikarudi.

Aina nne kwa mkupuo

| | Rangi | Ukingo | Bei | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|---|
| Ya asili, iliyotumika | Kijivu, mara nyingi na madoa meusi | Mweusi au wa kutu hafifu | Chini ya dola moja | Mtoto, darasa, mtu yeyote anayeanza |
| Iliyopakwa upya | Nyeupe ya kioo | Umefunikwa, unang'aa kama uso | Isizidi ya iliyotumika | Mapambo, mafunzo ya kutambua |
| Ya asili, haijatumika | Kijivu cha buluu, mng'ao laini | Mstari wa chuma kati ya kingo mbili za zinki | Dola chache na kuendelea | Mtu mzima mwenye mahali pakavu pa kuhifadhi |
| Iliyofungwa kwenye kasha la upimaji (la plastiki, la kampuni inayothibitisha uhalisi na daraja la sarafu) | Kama iliyotangulia | Huonekana kwa shida | Huanza na ada ya upimaji | Mnunuzi wa daraja za juu tu |

Jedwali linatosha kwa safu ya kwanza na ya mwisho. Mkanganyiko uko katikati.

Iliyopakwa upya dhidi ya isiyotumika

Sarafu iliyolika au iliyoanza kushika kutu huchovywa kwenye asidi hadi mabaki ya zinki yatoke, kisha hupakwa zinki mpya au kromu. Matokeo yake ni senti inayometa kama kijiko kipya. Mara nyingi huuzwa tatu pamoja kwenye kadi nzuri, moja ya kila kiwanda, kwa bei inayozidi thamani yake mara kadhaa. Kuiuza si kosa ikiwa muuzaji anasema ukweli. Kosa ni neno "mpya" au "haijatumika" linapoandikwa kwenye kadi.

Anza na ukingo. Ishike sarafu kwa kidole gumba na cha shahada, igeuze ubavu kuelekea dirishani, na utazame kwa lenzi ya mara 5 hadi 10. Kwenye ya asili utaona chuma cha kijivu kilichokoza, na juu na chini yake uzi mwembamba wa zinki. Kwenye iliyopakwa upya ubavu wote ni mweupe sawasawa na uso, kwa sababu safari hii sarafu nzima ndiyo iliyozama kwenye beseni.

Kisha mng'ao. Weka taa moja upande mmoja, inamisha sarafu polepole na kuizungusha. Sarafu ambayo haijatumika hurudisha miale inayozunguka uso kama mapanga ya feni, kwa kuwa chuma kilisukumwa kutoka katikati kwenda pembeni wakati wa kuchapwa na kuacha mistari midogo mno. Iliyopakwa upya haina miale hiyo. Hung'aa mahali popote taa inapopiga, kama kioo kibovu.

Mwisho tazama shavu na nywele za Lincoln upande wa kichwa, na mistari ya masuke ya ngano upande wa pili. Rangi mpya haiwezi kurudisha kilicholika. Ukiona weupe wa kiwandani juu ya masuke yaliyosagika, au vishimo vya kutu vilivyofunikwa na zinki kama mashimo ya ukuta chini ya chokaa, umepata jibu. Herufi zitaonekana nene na butu, kama zimemwagiwa nta.

Tahadhari moja kwa wanaojifunza haraka kupita kiasi: sarafu ya asili yenye hali nzuri kweli ni nyeupe, na wapo wanaoiita ya bandia kwa sababu tu inapendeza. Ukingo na miale ndivyo vinavyoamua, weupe peke yake hauthibitishi chochote.

Kuhusu kasha la upimaji, hesabu ni rahisi. Ada ya kampuni kupima sarafu moja, bila posta wala bima, huzidi bei ya senti ya chuma ya kawaida ambayo haijatumika. Kasha lina maana kuanzia daraja za MS67 hivi kwenda juu (MS ni sarafu isiyotumika, na daraja la juu kabisa ni 70), ambako bei huruka kati ya namba moja na nyingine, na mgeni hana haja ya kuwa huko. Kasha pia humnyima jambo lililo tamu zaidi, yaani kuigusisha sumaku mwenyewe.

Philadelphia, Denver au San Francisco

Tazama chini ya mwaka. Hakuna herufi: Philadelphia, zaidi ya milioni 684. Herufi D: Denver, zaidi ya milioni 217. Herufi S: San Francisco, zaidi ya milioni 191. Hakuna iliyo adimu. S huwa ghali kidogo, lakini tofauti haitoshi kumzuia mtu kukamilisha zote tatu siku ileile. Hiyo ndiyo faida yake kwa anayeanza: seti nzima ya mwaka mmoja ni sarafu tatu.

Kwa atakayetaka kuwinda, ipo D iliyochapwa mara mbili, ambapo herufi ya kwanza inaonekana kama kivuli kando ya ya pili. Inahitaji lenzi na subira, na huzaa ubishi mwingi. Mwache aikute mwenyewe.

Kama si senti hii, basi ipi?

Faranga 2 ya Ubelgiji ya 1944 ni ndugu yake wa damu, na wengi hawaijui. Senti za chuma ziliposimamishwa, vipande tupu vilibaki ghalani, na kiwanda cha Philadelphia kikavitumia kuchapa sarafu milioni 25 kwa ajili ya Ubelgiji iliyokombolewa. Kipimo ni kilekile, zinki ileile, kutu ileile. Ukiziweka pamoja mbele ya mtu na kumwomba azipime, kisha ukamuuliza kwa nini sarafu za nchi mbili zina uzito mmoja, umeshampa somo la historia kwa dakika mbili. Bei yake huwa nafuu pia. Kasoro: haina sura ya mtu, na asiyejua kisa chake ataiona kavu.

Kwa msomaji wa Kongo kuna kiungo cha karibu zaidi. Kiwanda hichohicho cha Philadelphia ndicho kilichochapa faranga 2 ya Kongo ya Ubelgiji ya 1943, ile ya shaba ya manjano yenye pembe sita na ndovu. Hainasi kwenye sumaku na haishiki kutu. Kwa umbo peke yake inaishinda senti ya Lincoln, na mtoto ataikumbuka. Ila iliyo nzuri haiuzwi kwa bei ya kutupa.

Senti 5 ya Marekani ya vita, iliyochapwa kuanzia mwishoni mwa 1942 hadi 1945, ni fedha asilimia 35, shaba 56 na manganizi 9, gramu 5 kamili. Utaitambua kwa herufi kubwa ya kiwanda juu ya kuba la jengo lililo mgongoni, na hapo ndipo herufi P ya Philadelphia ilipotumika kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa ina fedha, bei yake haishuki chini ya thamani ya madini, jambo linalowatuliza wanaoogopa "kupoteza pesa kwenye vichuma". Seti kamili ni sarafu 11. Ubaya wake ni manganizi: sarafu hubadilika kuwa nyeusi na wakati mwingine hubanduka maganda. Na ikiwa ni ya 1944 bila herufi kubwa juu ya kuba, ni ya mghushi maarufu aliyesahau herufi hiyo. Nazo zina wanunuzi wake.

Wanaoishi Kenya, Uganda au Tanzania wana kitu kingine kabla hawajaagiza chochote ng'ambo: senti zenye tundu za Afrika Mashariki, zilizotumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Zina pembe za ndovu kando ya tundu na jina la mfalme George wa Sita. Vita viliziacha na alama pia. Baadhi ya matoleo ya miaka hiyo ni membamba kuliko yaliyotangulia, na baadhi yana herufi I ya Bombay au SA ya Pretoria, kwa sababu kusafirisha sarafu kutoka Uingereza kulikuwa kugumu. Bado zimo kwenye makopo ya bibi na kwenye meza za wauza vitu vya kale. Ikiwa unayemkaribisha yuko Tanga au Kisumu, mwanzishe na hizi, na senti ya chuma iwe ya pili, ya kulinganishia. Ikiwa yuko Minneapolis au Houston, geuza mpangilio.

Senti ya "shaba" ya 1943

Ndani ya wiki mgeni wako atakuja na habari ya senti ya 1943 ya shaba yenye thamani ya nyumba. Habari ni ya kweli: vipande vichache vya shaba vilivyobaki kwenye mashine vilichapwa kwa mwaka mpya, na zinazojulikana ni takriban ishirini. Moja aliyoipata kijana wa Pittsfield, Massachusetts, kwenye chenji yake mwaka 1947 iliuzwa mnadani Januari 2019 kwa dola 204,000. Atakayoletewa yeye, hata hivyo, karibu hakika ni ya kughushi. Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

Kwanza sumaku. Ikinasa, ni ya chuma iliyopakwa shaba, na mjadala umekwisha.

Isiponasa, tazama tarakimu 3. Kwenye 1943 halisi mkia wa 3 unashuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine. Weka kando yake senti ya chuma ya bei nafuu uliyonayo, maana zilichapwa kwa muundo uleule, na ulinganishe kwa lenzi. Nyingi za kughushi ni 1948 iliyokatwa upande wa kushoto wa 8, na hiyo huacha 3 fupi yenye makovu.

Ikipita, ipime kwa mizani ya gramu 0.01, kama ya sonara. Tegemea karibu 3.11. Ikipita zote tatu, acha kuishikashika na uipeleke kwa kampuni ya upimaji; hapo ada ina maana.

Upande wa pili wa kioo upo pia: 1944 ya chuma, iliyochapwa kwa makosa kwenye vipande vilivyobaki. Hapo sumaku inafanya kazi kinyume. Ya shaba iliyopakwa zinki haitanasa. Ikinasa, chunguza kama 4 ya mwisho imechongwa kutoka kwenye 3.

Mahali pa kukaa, hasa pwani

Hapa ndipo senti ya chuma inapokuwa chaguo baya kwa baadhi ya watu, na ni heri wajue kabla. Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Muscat: hewa ya chumvi huila zinki ikatoa ungaunga mweupe, kisha madoa meusi, kisha kutu nyekundu kutoka ukingoni. Senti ya shaba yenye tundu itavumilia kabati la kawaida kwa miaka. Ya chuma ambayo haijatumika haitavumilia. Asiye na mahali pakavu anunue iliyotumika, ambayo imeshapoteza cha kupoteza.

Mwenye nia ya kuhifadhi anahitaji kapsuli ngumu ya milimita 19, boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, na gramu 20 hadi 30 za silika, chembe zinazonyonya unyevu. Pakiti za kwenye maboksi ya viatu huwa zimeshanyonya unyevu wote. Zisizobadilisha rangi hazikuambii, kwa hiyo nunua zile za chembe zenye rangi na uzikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa moja au mbili zinapogeuka. Kadi za dirisha la plastiki ni nafuu na zinatosha kwa zilizotumika, ila bana pini zake kwa koleo zilale kabisa, la sivyo zitaikwaruza sarafu ya jirani. Mifuko laini yenye harufu ya plastiki mpya iepukwe: ni PVC, na huachia utelezi wa kijani unaokula zinki.

Usisafishe. Ndimu na siki huyeyusha zinki palepale. Majivu, mchanga na dawa ya meno huikwangua. Maji hupenya kwenye chuma cha ukingoni. Ikiwa ina utelezi wa PVC, ilowekwe kwenye asetoni safi, ndani ya bakuli la kioo, mbali na moto, kisha ilazwe ikauke yenyewe bila kufutwa. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato na mafuta haifai. Na tangu siku ya kwanza mzoeshe kushika sarafu kwa ukingo, kwa sababu alama ya kidole kwenye zinki haitoki.

Cha kumkabidhi siku ya kwanza

Mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili: senti tatu zilizotumika za viwanda vitatu, senti moja ya shaba ya 1944, na sumaku. Kasha, daraja na bei visubiri. Mwambie atafute ipi inanasa na kwa nini.

Kijana au mtu mzima: hizo nne, faranga 2 ya Ubelgiji, lenzi ya mara 10 na, ukiweza, mizani. Ongeza senti moja iliyopakwa upya, ukimweleza wazi kwamba ndiyo mbovu. Ni vigumu kujifunza kutambua kitu ambacho hujawahi kukishika, na hiki hugharimu senti chache.

Atakayekuja tayari ameshanunua kadi ya tatu zinazometa, akiwa na furaha nazo, usianze na neno "feki". Si feki: ni sarafu halisi zilizopakwa upya. Mpe moja ya kijivu iliyolika, mpe lenzi, na umwambie azitazame ubavuni.